Olympia na Rafah: Historia ya Ukumbusho wa 16 Machi

Olympia ni mji mdogo, makao makuu ya jimbo la Washington, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Rafah ni mji wa mpakani, kusini kabisa mwa Ukanda wa Gaza, ukitazamana na Misri. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2003 hapakuwa na biashara, undugu wala lugha ya kuiunganisha miji hii miwili. Tangu hapo, kila ifikapo 16 Machi, kuna watu Olympia wanaokutana kuizungumzia Rafah: nyumba zake, visima vyake, watoto wake, na kodi za Wamarekani zinazolipia mitambo ya kuibomoa. Wanaoitisha mikutano hiyo ni Wakfu wa Rachel Corrie wa Amani na Haki, taasisi ndogo iliyoanzishwa na familia na majirani wa binti aliyepoteza maisha siku hiyo. Mengi yameandikwa juu ya kifo chake. Machache yameandikwa juu ya kazi iliyofuata, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuipima hapa. Naamini nguvu ya wakfu huu haikutokana na ukubwa wake, maana haukuwahi kuwa mkubwa, wala na ushindi mahakamani, maana haukuupata. Ilitokana na kurudi kila mwaka, tarehe ileile, na swali lilelile, hata jambo ambalo serikali mbili zilitaka lifungwe likabaki wazi muda wa kutosha kuwa kumbukumbu ambayo wengine waliweza kuitumia.

Rachel Corrie alizaliwa Olympia 10 Aprili 1979 na alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Evergreen State, kilichoko hapohapo mjini. Januari 2003 alikwenda Gaza kujiunga na International Solidarity Movement, kundi lililoanzishwa mwaka 2001 na Wapalestina pamoja na wenzao wa mataifa mengine, likiwaalika raia wa nje wasimame bila silaha pamoja na Wapalestina. Ilikuwa katikati ya Intifadha ya pili. Jeshi la Israeli lilikuwa likipanua eneo tupu kando ya mpaka wa Misri, likisema linasaka mahandaki ya kupitishia silaha na kuwakinga askari wake dhidi ya risasi. Mahandaki yalikuwepo, na hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Oktoba 2004, ilihesabu nyumba zaidi ya 2,500 zilizobomolewa Gaza ndani ya miaka minne, karibu theluthi mbili zikiwa Rafah, na watu 16,000, zaidi ya mmoja katika kila kumi wa mji huo, waliopoteza makazi. Uharibifu wa kiasi hicho hauelezeki kwa mahandaki peke yake. Tarehe 16 Machi 2003, siku nne kabla ya vita vya Iraki, Corrie akiwa na umri wa miaka 23 alisimama na koti la rangi ya chungwa inayong'aa mbele ya katapila la kijeshi la D9, lililotengenezwa na kampuni ya Caterpillar ya Marekani, karibu na nyumba ya familia ya Nasrallah. Wenzake walioshuhudia walisema katapila lilimpitia. Jeshi lilisema dereva hakumwona, na kwamba kilichomuua ni kifusi.

Wazazi wake, Craig na Cindy Corrie, wangeweza kumzika mtoto wao, kuanua matanga na kuomba waachwe na msiba wao. Wangeweza pia kufanya kile ambacho familia nyingi zenye uwezo hufanya, yaani kuanzisha mfuko wa ufadhili wa masomo kwa jina lake na kukaa mbali na siasa. Njia waliyoichagua ilikuwa ngumu zaidi, na ndiyo iliyoipa kazi yote iliyofuata sura yake. Rachel alikuwa na wazo la kuifanya Olympia na Rafah kuwa miji dada, na barua pepe alizowaandikia nyumbani, ambazo gazeti la The Guardian la Uingereza lilizichapisha siku mbili baada ya kifo chake, zilizungumzia zaidi watu wa Rafah kuliko yeye mwenyewe. Familia na majirani walilishika wazo hilo kama wasia. Mwaka 2005 mmoja wa ndugu wa Nasrallah, pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga, alizunguka Marekani na wazazi wa Rachel akisimulia habari za ubomoaji na kutafuta fedha za kujenga upya, kwa kuwa nyumba ile nayo ilikuwa imekwishabomolewa. Wasikilizaji waliokuja kumlilia binti wa Kimarekani walijikuta wakimsikiliza Mpalestina akieleza hali ya mtaa wake. Naona hapo ndipo ukumbusho huu ulipoacha njia ya kumbukumbu za kawaida za mashujaa: marehemu alikuwa mlango, na waliotakiwa kuingia sebuleni ni wenye mji.

Mji wenyewe haukukubali mara moja. Mwaka 2007 baraza la jiji la Olympia lilikataa kuutambua rasmi udada na Rafah, baada ya wakazi wengine kupinga wakisema jambo hilo lingewagawa watu. Waliokataliwa waliendelea na udada wao pasipo muhuri wa jiji. Baadaye ukachorwa katikati ya mji mchoro mkubwa wa ukutani, mzeituni ambao majani yake yalibuniwa na vikundi na wasanii mbalimbali, kila kimoja kikiweka madai yake ya haki kando ya yale ya Wapalestina. Rafah nako kukawa na mashindano ya mpira wa miguu ya mwezi wa Ramadhani yaliyobeba jina la Rachel. Kwa hiyo shughuli hizi zilienda kwa hesabu mbili za mwaka: Olympia walifuata jua, wakisubiri 16 Machi, vijana wa Rafah walifuata mwezi mwandamo, na tarehe zao zikarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 na tena mwaka 2025, hesabu hizo zilikutana, 16 Machi ikaangukia ndani ya Ramadhani. Kukutana kwa mwaka 2024 kulikuwa kuchungu, kwa sababu Rafah wakati huo ilikuwa imewapokea zaidi ya watu milioni moja waliofukuzwa na vita kutoka sehemu nyingine za Gaza.

Uwanja ambako hoja yangu inapimwa kwa ukali zaidi ni mahakama. Ariel Sharon, waziri mkuu wa Israeli, alimwahidi Rais George W. Bush uchunguzi kamili, wa kuaminika na wa wazi. Uchunguzi wa jeshi ulikwisha ndani ya majuma machache na haukumshtaki mtu. Mwaka 2004 Lawrence Wilkerson, aliyekuwa msaidizi mkuu wa Waziri wa Mambo ya Nje Colin Powell, aliiandikia familia kwamba serikali ya Marekani haikuuona uchunguzi huo kuwa umetimiza ahadi ile. Tuitazame barua hiyo kwa makini. Serikali ya Marekani ilikubali kwa maandishi kwamba raia wake hakutendewa haki na rafiki yake wa karibu, kisha haikuchukua hatua yoyote ya maana. Familia ikafungua kesi mbili mwaka 2005. Ya kwanza, Marekani, ilikuwa dhidi ya Caterpillar, na ndani yake walikuwemo pia Wapalestina waliopoteza ndugu zao katika ubomoaji wa nyumba. Septemba 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliitupa kwa sababu inayostahili kukumbukwa: makatapila yale yalilipiwa na serikali ya Marekani kama msaada wa kijeshi, kwa hiyo kuihukumu kampuni kungekuwa kuihukumu sera ya nje ya nchi, na hilo si kazi ya majaji.

Kesi ya pili ilifunguliwa Haifa dhidi ya dola ya Israeli, wakili akiwa Hussein Abu Hussein. Ilianza kusikilizwa Machi 2010, karibu miaka saba kamili tangu kifo, na iliendelea hadi mwaka uliofuata. Familia iliomba fidia ya ishara tu, dola 1. Dereva wa katapila alitoa ushahidi nyuma ya pazia, hivyo wazazi hawakuuona uso wake. Ofisa mmoja wa mafunzo wa jeshi aliiambia mahakama kwamba vitani hakuna raia. Tarehe 28 Agosti 2012 Jaji Oded Gershon aliamua kwamba kifo kilikuwa ajali ya kusikitisha, kwamba Corrie alijiweka mwenyewe hatarini, na kwamba dola haiwajibiki kwa tendo la kivita. Februari 2015 Mahakama ya Juu ya Israeli iliikataa rufaa.

Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo ukumbusho ulipaswa kukoma. Mahakama ya nchi yenye sheria imesikiliza mashahidi, imeamua, na kuendelea kuuliza ni ukaidi. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu anayedai haki mahakamani anakuwa amekubali kwamba mahakama inaweza kumnyima. Lakini soma kilichoamuliwa. Kinga ya tendo la kivita haisemi kwamba kilichotendeka kilikuwa halali. Inasema kwamba anayelalamika hana mlango wa kupitia. Mahakama ya Marekani ilisema jambo hilohilo kwa lugha yake. Nchi moja ilisema hili ni la vita, nyingine ikasema hili ni la siasa, na kati ya milango hiyo miwili iliyofungwa raia wa Rafah, ambaye hana pasi ya Marekani wala waziri wa mambo ya nje wa kumwandikia barua, hana pa kwenda kabisa. Kushindwa huku mara mbili kuliweka kwenye maandishi ya mahakama mambo ambayo yangekaa kama tetesi: nani alilipia makatapila, jeshi lilimhesabuje raia, uchunguzi uliendeshwaje. Bila ukumbusho wa kila mwaka, ulioleta watu, mawakili na michango ya fedha kwa mwongo mzima, sioni jinsi familia moja ingeweza kuzisukuma kesi hizo hadi mwisho.

Wanaofanya kazi hii hawakuigundua mbinu ya tarehe. Wapalestina wenyewe wana Siku ya Ardhi, 30 Machi, tangu mwaka 1976 walipouawa watu sita huko Galilaya wakipinga kunyang'anywa mashamba. Wana Nakba, 15 Mei. Na Umoja wa Mataifa uliitenga 29 Novemba kuwa siku ya mshikamano nao. Mfano ulio karibu zaidi nasi unatoka Afrika. Tangu mwaka 1950 chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliifanya 26 Juni kuwa siku ya uhuru ya kila mwaka, wakati uhuru wenyewe ulikuwa mbali kiasi cha kutoonekana. Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn jijini London, uliitishwa mkutano wa kuanzisha harakati za kususia bidhaa za Afrika Kusini, na mmoja wa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, nchi yake ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya Sharpeville, harakati zile zikawa vuguvugu kamili la kupinga ubaguzi wa rangi. Uchaguzi wa wote ulikuja mwaka 1994, miaka 35 baada ya mkutano wa Holborn. Kwa miaka mingi kati ya hiyo, mtu mwenye akili timamu angeweza kusema kwamba kususia machungwa hakujabadilisha kitu Pretoria.

Mashirika ya kiraia ya Wapalestina yalipotoa wito wa kususia, kuondoa mitaji na kuweka vikwazo, 9 Julai 2005, yaliitaja Afrika Kusini waziwazi. Miaka mitano baadaye, 15 Julai 2010, bodi ya duka la ushirika la vyakula la Olympia ilikubaliana kuacha kuuza bidhaa za Israeli, ikiwa ya kwanza kati ya maduka ya aina hiyo Marekani. Mwezi mmoja kabla, wanafunzi wa Evergreen walikuwa wamepiga kura, kwa wingi mkubwa, kutaka chuo kiondoe fedha zake katika kampuni zinazonufaika na ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina. Uamuzi wa duka haukuwa wa wakfu, na ni haki kulisema hilo. Lakini siamini kwamba duka la mboga la mji wa ukubwa ule lingefikia uamuzi huo katika mji ambao haukuwa umeizungumzia Rafah kwa miaka saba mfululizo. Wanachama watano wa ushirika walishtaki mwaka 2011, na mahakama ya kaunti ya Thurston iliitupa kesi kwa mara ya mwisho mwaka 2018. Duka halikurudi nyuma.

Sasa nije kwenye pingamizi linalonisumbua mimi mwenyewe kuliko mengine. Tarehe 3 Machi 2003, majuma mawili kabla ya Corrie, Nuha Sweidan, mama wa watoto kumi na mjamzito aliyekaribia kujifungua, aliuawa katika kambi ya Bureij pale jeshi lilipobomoa nyumba jirani na ukuta ukamwangukia. Hakuna mchezo wa kuigiza unaobeba jina lake. Wa Rachel ulionyeshwa katika ukumbi wa Royal Court jijini London mwaka 2005. Hakuna meli inayoitwa kwa jina lake. Ya Rachel, iliyotoka Ireland na misaada, ilitekwa na jeshi la Israeli baharini 5 Juni 2010. Je, ukumbusho wa Olympia haukubaliani na mizani ileile mbovu inayompa uzito Mmarekani mmoja kuliko mamia ya Wapalestina? Unakubaliana nayo kwa sehemu, na asiyelikiri hilo hajaitazama historia hii sawasawa. Magazeti yaliyokuja kwa ajili ya Rachel yasingekuja kwa ajili ya Nuha. Tofauti iko katika matumizi ya uzito huo ambao haukuombwa. Craig na Cindy Corrie wangeweza kuutumia kudai haki ya mtoto wao pekee. Waliwaingiza Wapalestina katika kesi ya Caterpillar, wakampandisha jukwaani mtu wa familia ya Nasrallah, na mwaka baada ya mwaka wakaielekeza 16 Machi kwa wanaobomolewa. Mizani haikunyooka kwa hilo. Lakini kungoja mizani inyooke kwanza ndipo useme kungemwacha Nuha katika kimya kilekile, na Rachel pamoja naye.

Pingamizi jingine hutoka upande wa pili: kwamba kulikuwa na Waisraeli walioitwa Rachel pia, waliouawa na walipuaji wa kujitoa mhanga katika miaka ileile, na wakfu hauwaadhimishi. Vifo hivyo vilikuwa uhalifu, na aliyepoteza binti katika mkahawa au sokoni ana haki ya kuulizia jina la binti yake. Hata hivyo wakfu ulianzishwa na walipakodi wa Marekani, na unauliza juu ya kitendo kilichofanywa kwa fedha zao na kwa mtambo wa kiwandani mwao. Aliyelipua basi Jerusalem hakuwa akipokea msaada wa kijeshi kutoka Washington. Mtu huwajibika kwanza pale mkono wake ulipofika, na sidhani kwamba kulisema hilo ni kulidharau kaburi la mwingine.

Linabaki swali la matokeo, na hapa sitaki kumpamba mtu. Mei 2024 jeshi la Israeli liliingia Rafah. Tarehe 24 mwezi huo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Israeli isimamishe operesheni yake huko. Haikusimama, na sehemu kubwa ya mji ikasawazishwa, makatapila ya D9 yakiwa miongoni mwa zana zilizotumika. Februari 2025 serikali ya Marekani iliidhinisha mauzo mapya ya makatapila hayo kwa Israeli, ya thamani ya dola milioni 295. Ukipima miaka ishirini na miwili ya Olympia kwa idadi ya nyumba zilizookolewa, hesabu ni ya kuumiza. Lakini swali la Caterpillar halikubaki Olympia. Juni 2014 mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Marekani ulipiga kura 310 kwa 303 kuuza hisa zake katika kampuni hiyo na nyingine mbili. Agosti 2025 mfuko wa taifa wa Norway, mkubwa kuliko mifuko yote ya serikali duniani, uliiondoa Caterpillar katika uwekezaji wake, ukitaja matumizi ya mitambo yake kuharibu mali za Wapalestina kinyume cha sheria. Sidai kwamba wakfu wa mji mdogo uliituma Norway. Ninachodai ni kwamba hoja waliyoitoa wenye mfuko mwaka 2025 ni ileile iliyopelekwa mahakamani mwaka 2005 na kuambiwa haisikilizwi, na iliweza kudumu kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kuiacha ilale.

Tarehe 6 Septemba 2024 Ayşenur Ezgi Eygi, mwenye umri wa miaka 26, aliyesoma Chuo Kikuu cha Washington jijini Seattle na aliyekwenda na kundi lilelile la Corrie, alipigwa risasi na kufa huko Beita, Ukingo wa Magharibi. Jeshi lilisema yawezekana sana kwamba risasi ilikuwa ya askari wake na haikumkusudia. Familia yake haikukubali jeshi lijichunguze lenyewe. Iliitaka Marekani ifanye uchunguzi wake huru, na wazazi wa Rachel wakajitokeza hadharani kuwa upande wake. Familia ile ya Seattle haikulazimika kungoja hadi mwaka 2015 kujua uchunguzi wa jeshi unaishia wapi, barua ya huruma kutoka wizarani ina thamani gani, na mahakama ipi husema nini. Yote hayo yalikuwa yamekwishaandikwa, mwaka kwa mwaka, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kwao.